Cragside: Jumba Jipya Lililovikwa Nguo za Kale

Kila mtu aliyepata kujenga nyumba ya miti na udongo aijua kazi yake. Kwanza nguzo husimamishwa, kisha fito hufungwa, kisha udongo hukandikwa, na mwisho mwenye uwezo hupaka chokaa. Nguzo ndizo zibebazo paa. Kiambaza huzuia upepo na mvua tu. Wasomaji wetu wengi wamekulia katika nyumba za namna hiyo. Lakini labda si wengi wajuao ya kuwa Waingereza nao, kwa muda wa miaka mamia, walijenga nyumba zao kwa njia iliyo karibu sana na hii. Tena, walipokwisha kuwa na viwanda na magari ya moshi, matajiri wao walizitazama tena nyumba hizo za wazee wao, wakataka majumba yao mapya yafanane nazo.

Leo twataka kueleza habari za jumba moja la namna hiyo, jina lake Cragside, lililoko karibu na mji mdogo wa Rothbury, katika jimbo la Northumberland, kaskazini ya Uingereza. Tumelichagua hili katika mengi kwa sababu mtu akilitazama kwa nje hudhani ni kazi ya watu wa miaka mia tatu iliyopita kabla yake, na akiingia ndani hukuta mambo ambayo wakati lilipojengwa hayakuonekana karibu popote duniani. Sura yake ni ya kale, mwili wake ni mpya. Nasi twaona kwamba jambo hilo lina mafunzo kwa kila mtu anayejenga.

Nyumba za kale za Kiingereza

Katika sehemu za Uingereza zilizokuwa na misitu mingi ya mialoni, mafundi wa zamani walitengeneza kiunzi cha nyumba kwa miti mizito, wakaiunganisha kwa ndimi na matundu na vigingi vya mti, pasipo misumari mingi. Katikati ya nguzo walisuka fito, wakazikandika udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe, kisha wakapaka chokaa. Miti yenyewe iliachwa ionekane. Paa lilikuwa na mteremko mkali ili mvua na theluji zisikae juu yake, na dohani zake, yaani mabomba ya kutolea moshi, zilikuwa kubwa, kwani nchi ile ni ya baridi na moto hukokwa ndani. Nyumba nyingi za namna hii zilijengwa wakati wa wafalme wa ukoo wa Tudor, waliotawala tangu mwaka 1485 hata 1603.

Walakini si Uingereza yote iliyojenga hivyo. Huko Northumberland, karibu na mpaka wa Scotland, watu wa mashamba walijenga kwa mawe. Sababu yake ilikuwa vita na wizi wa ng'ombe mpakani. Mkulima mwenye mali kidogo alijenga nyumba ya mawe yenye kuta nene na madirisha madogo. Wanyama walifungiwa chini, na watu walikaa juu. Twaomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Kwa nini watu walitazama nyuma

Malkia Victoria alitawala tangu mwaka 1837 hata 1901. Katika miaka hiyo Uingereza iligeuka kuliko ilivyopata kugeuka kabla yake. Mitambo ya mvuke ilifanya kazi za mikono ya watu wengi; miji ilijaa moshi; na hesabu ya watu iliyofanywa mwaka 1851 ilionyesha kwamba watu wakaao mijini wamekwisha kuwazidi wakaao mashambani.

Mtu angedhani kwamba watu wenye mambo mapya hivyo wangependa nyumba za sura mpya. Haikuwa hivyo. Mwaka 1834 jumba la Bunge la London liliungua, na ilipotakiwa kujengwa jingine, wachoraji wa ramani waliamriwa wachore jengo la mtindo wa kale wa makanisa makuu, uitwao Gothiki, au wa mtindo wa wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Ramani iliyochaguliwa ilikuwa ya Charles Barry, aliyesaidiwa na Augustus Pugin, na jengo lao ndilo lisimamalo kando ya mto Thames hata leo. Matajiri nao wakafuata. Mmoja alijenga jumba mfano wa ngome, mwingine mfano wa makao ya Wafaransa wa zamani, mwingine mfano wa nyumba za wakati wa Tudor.

Sababu zake zilikuwa zaidi ya moja. Wako walioona kwamba mashine zimeharibu kazi nzuri ya mikono, wakatamani ufundi wa wazee. Tena wako waliopata mali ghafula katika viwanda na biashara. Hao hawakuwa na majumba ya kurithi kama wakubwa wa nchi, nao walitaka kuonekana kwamba shina lao limeshika ardhini tangu zamani. Nyumba yenye sura ya kale humpa mwenyewe heshima ya ukale siku ile ile anapohamia.

Mwenye nyumba

Mwenye Cragside alikuwa William Armstrong, aliyezaliwa mjini Newcastle mwaka 1810. Baba yake alikuwa mfanyi biashara ya nafaka. Kijana alisomea sheria akawa wakili, lakini moyo wake ulikuwa katika mitambo. Mwaka 1835 alikuwa akivua samaki mtoni katika nchi ya milima, akaona gurudumu la maji likiendesha kazi ya machimbo ya mawe. Akalitazama sana, akatambua kwamba sehemu ndogo tu ya nguvu ya maji yale ndiyo inayotumika, na iliyobaki yapotea bure. Tangu siku ile hakuacha kufikiri juu ya maji.

Baada ya miaka kumi hivi alitengeneza winchi ya kupakulia mizigo melini, iliyoendeshwa kwa nguvu za maji yaliyosongwa ndani ya mabomba. Mwaka 1847 alianzisha kiwanda chake Elswick, kando ya mto Tyne, akaacha uwakili. Kisha, wakati wa vita vya Crimea, vilivyoanza mwaka 1853, alisikia jinsi askari walivyotaabika kuvuta mizinga mizito, akatengeneza mzinga mwepesi zaidi, uliotiwa risasi kwa nyuma. Mwaka 1859 aliipa Serikali yake haki za uvumbuzi huo, akapewa cheo cha Sir.

Alipokuwa mtoto alikuwa dhaifu wa kifua, na wazazi wake walikuwa wakimpeleka Rothbury apate hewa safi. Hakuisahau nchi ile. Mwaka 1863 alirudi, akanunua ardhi katika bonde lenye mawe na kijito, akajenga nyumba isiyo kubwa, ya kupumzikia na kuvulia samaki, juu ya ukingo wa jabali. Ndipo akaiita Cragside, maana yake ubavu wa jabali.

Fundi Shaw na kazi yake

Mwaka 1869 Armstrong alimwita Richard Norman Shaw, mchoraji wa ramani za nyumba, mzaliwa wa Edinburgh. Husimuliwa kwamba wageni wengine walitoka kwenda kuwinda, na Shaw akabaki nyumbani. Waliporudi jioni walimkuta amekwisha kuchora sura ya jumba zima kama litakavyokuwa. Hata hivyo kazi yenyewe haikuwa ya jioni moja. Ilichukua miaka kumi na mitano na zaidi, sehemu kwa sehemu, kwa kuwa kila mara mwenye nyumba aliomba aongezewe: chumba cha vitabu na chumba cha kulia, kisha mnara, kisha ukumbi mrefu wa kutundikia picha, na mwisho sebule kubwa iliyomalizika katika mwaka 1884.

Shaw alikuwa amesafiri mwaka 1862 katika jimbo la Sussex, kusini ya Uingereza, pamoja na rafiki yake William Eden Nesfield, wakichora katika daftari zao nyumba za wakulima wa zamani, na miti yake, na vigae vyake, na dohani zake ndefu. Alichojifunza huko ndicho alichokipeleka Cragside. Chini alijenga kuta za mawe, na madirisha yaliyogawanywa kwa nguzo nyembamba za mawe. Juu, mahali pa pembe tatu za paa, aliweka miti myeusi na chokaa nyeupe kati yake. Mapaa yake hayalingani. Moja liko juu, jingine chini, moja limetokeza, jingine limerudi nyuma, kana kwamba babu alijenga chumba, na mwana akaongeza, na mjukuu akaongeza tena. Dohani zake zapanda juu sana kati ya miti ya bonde.

Chumba cha kulia kina mahali pa moto palipo kama chumba kidogo ndani ya chumba kikubwa, na viti vya mbao pande mbili, ili watu wakae karibu na joto kama walivyokaa wazee. Juu yake pamechongwa maneno ya Kiskoti, maana yake kwamba mtu aende mashariki au magharibi, kwao ni bora. Vioo vya rangi vya madirisha yake vilifanywa na kampuni ya William Morris, ambaye mwenyewe alikuwa adui mkubwa wa kazi mbaya ya mashine. Katika sebule limewekwa pambo la mahali pa moto la marumaru iliyochongwa, uzito wake tani 10 hivi, lililochorwa na W. R. Lethaby, msaidizi wa Shaw.

Basi hapa turudie lile tuliloomba lishikwe moyoni. Miti ya nyumba za Sussex ilikuwa mifupa ya nyumba. Ukiiondoa, nyumba yaanguka. Miti ya Cragside si mifupa. Uzito mkubwa wa jumba lile wabebwa na mawe. Miti imewekwa ili macho yaione na moyo ukumbuke. Tena yakumbusha wazee gani? Si wazee wa Northumberland, waliojenga kwa mawe na madirisha madogo kwa kuogopa wanyang'anyi, bali wazee wa kusini, kiasi cha maili 300 kutoka hapo. Armstrong alivika nyumba yake nguo za mababu, lakini mababu wenyewe aliazima.

Je, jambo hilo ni uongo? Wako waliosema hivyo, kwamba nyumba isijisingizie ukale isiokuwa nao. Wengine walijibu kwamba kila fundi hujifunza kwa waliomtangulia, na kwamba Shaw hakunakili nyumba yoyote ile. Alichukua maneno ya kale akasema habari yake mwenyewe. Nasi hatupendi kukata shauri upesi, kwa maana bado hatujaingia ndani.

Maji ya kijito

Armstrong hakusahau lile gurudumu la siku ya kuvua samaki. Alizuia vijito vya shamba lake akafanya maziwa matano. Mwaka 1868 aliweka mtambo wa kupandisha maji mpaka nyumbani, unaosukumwa na maji yenyewe yashukapo, pasipo mvuke wala mkono wa mtu. Maji yaliendesha lifti iliyobeba makaa ya mawe na vitu vizito toka orofa hata orofa, yakazungusha chuma cha kuchomea nyama jikoni, na katika nyumba ya vioo yakageuza vyungu vikubwa vya miti ya matunda ili kila upande upate jua. Chini ya chumba cha vitabu palikuwa na hamamu ya kuogea kwa mvuke.

Kisha ukaja umeme. Mwaka 1878 taa ya kwanza iliwashwa katika ukumbi wa picha. Maji ya ziwa yalizungusha gurudumu la chuma lililofungwa dinamo, yaani mtambo wa kufanyiza umeme, na nguvu ile ikaletwa kwa waya kutoka karibu maili moja. Lakini taa hiyo ilikuwa ya namna ya mwanzo, yenye mwanga mkali wa kuumiza macho. Mwaka 1880 zikaletwa taa za Joseph Swan, aliyekuwa mvumbuzi wa upande ule ule wa kaskazini na rafiki yake Armstrong. Hizo zilikuwa chupa za kioo zenye uzi ung'aao ndani yake, mfano wa taa zilizoenea baadaye duniani kote. Katika chumba cha vitabu nne zilisimamishwa juu ya vyombo vya shaba vilivyonakshiwa, na chini yake pana zebaki. Mtu akitaka kuzima aliinua chombo, akitaka kuwasha alikirudisha mahali pake.

Basi fikirini jambo hili. Mwaka ule miji mikubwa ilikuwa ikitumia taa za gesi, na vijiji vilitumia mishumaa na taa za mafuta. Na nyumba hii, iliyoko mbali mashambani, yenye sura ya wakati wa Tudor, ndiyo nyumba ya kwanza duniani kupata mwanga wa umeme kwa nguvu za maji. Tena maji yenyewe hayakuwa mto mkubwa, yalikuwa kijito cha bondeni.

Huko nje Armstrong na mkewe Margaret walipanda miti. Husemwa kwamba pamoja na vichaka ilipata zaidi ya milioni saba. Mahali palipokuwa mwinuko mkavu wa mawe pakawa msitu, na bibi mwenyewe alishughulika sana na bustani.

Mali ilitoka wapi

Isingekuwa haki kusifu jumba na kunyamaza juu ya mali iliyolijenga. Winchi na madaraja zilileta faida, lakini faida kubwa ilitoka katika silaha. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hata 1865, kiwanda cha Armstrong kiliuza mizinga kwa pande zote mbili. Baadaye kilijenga na manowari. Wageni kutoka Uajemi, Siam, Japani na China walipokelewa Cragside, wakala chakula kando ya mahali pale pa moto penye maneno ya kusifu nyumbani, na wengi wao walikuja kwa habari za kununua mizinga na manowari. Vyumba vilivyoongezwa vilikuwa pia vyumba vya biashara.

Tena mwaka 1871, wakati Shaw alipokuwa akiendelea na ujenzi, mafundi wa mitambo wa Newcastle waligoma. Walitaka siku ya kazi iwe ya saa tisa. Armstrong aliwaongoza wenye viwanda kuwakatalia. Mgomo ulidumu karibu miezi mitano, na mwisho mafundi walipata walichotaka. Basi aliyependa hewa safi ya bonde alikuwa pia mtu wa kushindana na watu wake juu ya saa moja ya kupumzika. Lakini aliupa mji wa Newcastle bustani yake kubwa ya Jesmond Dene mwaka 1883, akatoa fedha nyingi kwa hospitali na elimu. Mambo hayo yote ni ya mtu mmoja, wala moja halifuti jingine.

Armstrong alifariki mwaka 1900, akiwa na umri wa miaka 90, wala hakuacha mtoto. Mali ilirithiwa na mjukuu wa dada yake. Mwaka 1977 jumba lilikabidhiwa National Trust, chama cha kutunza majengo na nchi nzuri za Uingereza, na watu wote wakapata kuingia. Mwaka 2014 chama hicho kiliweka kando ya ziwa mojawapo parafujo kubwa ya chuma, urefu wake mita 17, izungushwayo na maji, na taa za Cragside zikapata tena umeme wa kijito chake.

Neno la mwisho

Twasemaje basi juu ya nyumba hii? Kwanza, mwenye kujenga nyumba mpya si lazima aitupe sura ya nyumba za kwao. Armstrong, mtu wa mitambo kuliko wengi wa zama zake, hakuona aibu kukaa chini ya paa mfano wa la mkulima wa kale. Kiambaza na nguzo, tunavyoviona kuwa vya maskini, ndivyo vilivyonakiliwa na matajiri wa Ulaya kwa gharama kubwa mara tu vilipoanza kupotea.

Pili, sura peke yake haitoshi. Kama Cragside ingalikuwa miti myeusi na chokaa tu, wachache wangeikumbuka. Kilichoipa jina ni kwamba mwenyewe alitazama kijito kipitacho karibu naye, akajiuliza nguvu zake zaenda wapi.

Tatu, tuonapo jumba zuri, tuulize maswali matatu: ni kitu gani kinachobeba paa hili, ni kitu gani kilichowekwa kwa ajili ya macho, na ni mikono ya nani iliyolipa. Kwa Cragside majibu ni mawe, na miti, na mizinga pamoja na jasho la mafundi wa Elswick. Mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi wake maswali hayo juu ya jengo lolote lililo karibu na shule yake, hata likiwa dogo, nao watajifunza kulitazama.